Kodi ya Nyumba ya Mama Yangu

Wajukuu wangu wakianza kubishana habari za kodi, mimi huwa nanyamaza kwanza. Wamesoma, wana maneno makubwa, basi nawaacha wayamalize. Mmoja anasema haki ni kila mtu kutoa sawa. Mwingine anasema haki ni mwenye nacho kutoa zaidi. Wakishachoka nawaambia, haya, sasa nyamazeni niwaeleze habari za baba yangu mdogo, Mika. Wananung'unika kwa sababu wameshaisikia. Wataisikia tena, na nikiwa hai mwakani wataisikia tena.

Kwetu ni milimani, kati ya Uyole na Tukuyu, kwenye migomba na kahawa na baridi ya kukunja vidole. Baba yangu mzazi, Ezekia, alifukiwa na shimo la dhahabu huko Chunya mwaka hamsini na moja. Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu mmoja alikuwa ndio anajifunza kutembea, mwingine bado yuko tumboni. Mama yangu, Tusekile, ukimtazama vizuri alikuwa bado msichana.

Sisi Wanyakyusa, siku zile, mtu akifa mdogo wake anarithi. Anarithi ng'ombe, anarithi shamba, anarithi na mjane. Mika ndiye alikuwa mdogo wa baba, hana mwenzake. Na Mika alikuwa Mkristo wa kweli, si wa Krismasi. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya kanisa letu, yaani ile rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti nje ya kanisa. Wengine waliigonga ikalia kama sufuria. Yeye aliigonga taratibu, mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanasema leo Mika ameamka vizuri. Mke alikuwa naye mmoja, mama mdogo Esta, Mhehe wa Igowole ambaye Mika alikutana naye Mufindi alipokuwa akichuma chai.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wakamuuliza atafanyaje na mjane wa kaka yake. Akasimama akawajibu, "Nitawalea. Shemeji nitamjengea nyumba yake. Lakini mke wangu ni Esta." Wazee wakakubali kwa shingo upande. Mmoja akamcheka, akasema wokovu umemwingia mpaka miguuni.

Nyumba akaijenga kweli. Mianzi alikata mwenyewe, udongo akakanda na Esta, na sakafu mama akaisiriba kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwa Esta. Sasa utaniuliza, kwa nini asimweke mama kwenye nyumba ya Esta, yakaisha? Ungejua kwetu usingeuliza. Mjane akiishi kwenye nyumba ya mwanamke mwenzake anakuwa kama mtumishi, anapika kwenye mafiga yasiyo yake. Ndugu zake wakisikia hivyo wana haki ya kuja kumchukua. Basi mama akapata nyumba yake, mafiga yake na moshi wake, na moshi huo ndio uliotuponza.

Mwaka hamsini na tatu akaja karani mpya wa kodi, anaitwa Andendekisye. Walikaa na jumbe kwenye kibaraza cha duka la Jailos, meza mbele, daftari juu ya meza, wanaume wamepanga mstari mpaka barabarani. Mimi nilikuwepo. Mama alikuwa ameitwa, nami nimemshika nguo. Karani alikuwa ameshapita vijijini kuhesabu nyumba, akamwambia baba mdogo kwamba kwenye kiwanja chake kuna nyumba mbili za wanawake.

Baba mdogo akasema ile ya pili ni ya mke wa marehemu kaka yake. Karani hakuwa mkorofi, nisimsingizie. Alimweleza polepole. Mjane asiye na mtu amesamehewa. Lakini mjane aliyerithiwa anahesabiwa mke wa yule aliyemrithi, na kila mke wa ziada ana kodi yake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sema tu hapa, mbele ya jumbe na wazee, kwamba huyu mwanamke hayuko chini yako," alisema. "Nitafuta sasa hivi."

Rahisi, sivyo? Maneno matano sita tu. Lakini kaka yake mama, mjomba Yohane, alikuwa kwenye mstari uleule, watu watatu nyuma yetu. Kwetu mwanamume akitamka mbele ya wazee kwamba mjane hayuko chini yake, amemtupa. Siku hiyohiyo ndugu zake wangembeba warudi naye kwao, aolewe kwingine. Na sisi watoto tungebaki, maana sisi ni wa ng'ombe wa mahari, wa upande wa baba. Tungekuwa tumempoteza baba, na sasa mama. Baba mdogo alijua, mjomba alijua, jumbe alijua. Karani pia alijua, alikuwa Mnyakyusa kama sisi, lakini daftari halikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Baba mdogo akamwangalia mtoto aliye mgongoni kwa mama. Akasema, "Andika."

Akaandikwa: Mika, wake wawili. Shilingi kumi na mbili za kichwa chake, na kumi za mke wa pili.

Aliyefuata kwenye mstari alikuwa Jailos mwenyewe, mwenye duka. Duka lake, lori lake aina ya Bedfordi, kahawa yake imeanikwa kwenye majamvi kuanzia nyuma ya duka mpaka kisimani. Mke mmoja, wa ndoa. Shilingi kumi na mbili. Akatoa noti ya ishirini, akangojea chenji yake. Nililiona kwa macho yangu, na mpaka leo sijalimeza.

Wala Jailos hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa nipate wa kumchukia. Baba mdogo alipomwuliza siku moja dukani kama haoni ajabu, alijibu, "Mika, mimi nalipa ninachoambiwa. Wakiniambia zaidi, nitalipa zaidi." Basi. Na hakuna aliyemwambia zaidi.

Baba mdogo akauza mtamba wake mmoja, akalipa.

Sasa nifike kwenye langu, kwa sababu na mimi nimo. Baba mdogo alisoma Biblia ya chapa polepole kwa kidole, lakini mwandiko wa mkono ulimshinda. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nasoma chochote, hata maandishi kwenye debe la mafuta ya taa. Hakuna kitu kilichomfurahisha kama hicho. Kila barua, kila karatasi, Tupokigwe njoo usome. Nikimaliza nauliza, "Nimesoma vizuri, baba?" Naye anajibu, "Umesoma vizuri." Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu mimi na yeye.

Stakabadhi ya kodi aliificha ndani ya kitabu cha nyimbo ili panya wasiile. Jumapili moja baada ya ibada, mzee Saulo, mzee wa kanisa, alikuja nyumbani kuzungumza habari ya waya mpya wa kengele. Wamekaa uani, wanakunywa togwa. Baba mdogo akafungua kitabu kumwonyesha wimbo, karatasi ikaanguka miguuni kwangu. Na mimi, mwenye sifa zangu, nikaiokota. Hakuna aliyeniomba. Nikasimama wima kama shuleni nikasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: jina, kijiji, mwaka, wake wawili.

Nikauliza, "Nimesoma vizuri, baba?"

Mzee Saulo alikuwa ameshaweka kibuyu chini. Baba mdogo akanishika kichwa. "Umesoma vizuri," akasema.

Wiki ile akaitwa na wazee wa kanisa. Walikuwa wamesikia minong'ono tangu zamani, maana nyumba mbili ni nyumba mbili, lakini minong'ono si ushahidi. Sasa kuna karatasi ya serikali yenye muhuri. Baba mdogo akawaeleza mambo yalivyokuwa, mwanzo mpaka mwisho. Mzee Saulo akamwuliza kama ni yeye aliyemwambia karani aandike. Akasema ni yeye. Akaulizwa tena kama aliweka dole gumba. Akasema aliweka. Mchungaji Anania, mtu mpole mno, mpole mpaka hana faida, akamwambia jambo ni dogo, aende kwa karani lifutwe, arudi na karatasi safi. Karani akamjibu yaleyale ya mwanzo. Kufuta atafuta, lakini tamko kwanza, mbele ya jumbe na wazee.

Mama mdogo Esta aliposikia, alifunga kanga kiunoni akaenda kwenye kikao chao bila kuitwa. Alisimama mlangoni na Kiswahili chake cha Kihehe. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," aliwaambia. "Mnaiuliza karatasi. Mimi ninayelala naye hamniulizi. Mume wangu hajavuka huo uwanja hata siku moja." Wazee wakaangalia chini. Kisha wakamwambia kwa adabu kwamba wanawake hawasemi kwenye baraza la kanisa, aende nyumbani. Akaenda, lakini njia nzima alikuwa akiongea peke yake.

Wakamtenga. Wasioyajua mambo hayo hawataelewa ukubwa wake. Meza ya Bwana hana ruhusa. Anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na walevi na wasichana waliozaa nyumbani. Na kengele akanyang'anywa, akapewa kijana wa mzee Saulo, aliyeigonga kama anafukuza nyani shambani. Kila Jumapili ikilia, baba mdogo alisimama uani anasikiliza huku amekunja uso, si kwa hasira, ni kama mtu anayesikia mtoto wake anaadhibiwa na jirani. Kisha anavaa koti lake anakwenda, anakaa nyuma. Hakukosa hata Jumapili moja.

Mama yangu hakuweza kuvumilia. Asubuhi moja alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akaja mpaka nusu ya uwanja akapiga magoti. Akamwambia baba mdogo, "Shemeji, sema hayo maneno. Mimi nitarudi kwetu. Siwezi kukunyima Mungu wako."

"Na hawa?" baba mdogo akauliza, akituonyesha sisi.

Esta akatoka ndani, akauchukua ule mzigo, akaurudisha kwenye nyumba ya mama, akaufungua, akaanza kupanga vyungu. Hapakuwa na mtu aliyelizungumza tena jambo hilo pale nyumbani.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuja kutoka Tukuyu kwenye baraza, Mzungu mrefu, amekaa kwenye kiti chake cha turubai na mkalimani pembeni. Watu wakaulizwa kama wana maneno. Baba mdogo hakuwa msemaji. Alisimama, kofia mkononi, akasema anaomba kuuliza.

"Kodi inapima nini?" alisema. "Inapima mtu ana nini, au inapima amebeba nani? Mimi nimelea watoto wa marehemu, nalipa zaidi ya mwenye lori. Kama ningewatupa, ningelipa sawa naye."

Watu wakacheka, wakamwangalia Jailos. Jailos naye akacheka. Mkalimani akageuza maneno, sijui aligeuza vipi, maana yalitoka mafupi sana. Bwana Shauri akajibu kwamba sheria haina upendeleo, tajiri na maskini inawatoza sawasawa, na hiyo ndiyo haki. Baba mdogo akasema, "Bwana, mvua inanyesha sawa kwa wote. Lakini mwenye bati na mwenye nyasi zilizooza hawalowi sawa." Hayo mkalimani hakuyageuza. Alimwambia akae, wengine nao wana shida zao.

Alikaa. Lakini lile swali halikukaa. Lilizunguka vilabuni na visimani miaka miwili, watu wanauliziana kwa mzaha, ee bwana, wewe unapimwa nini?

Mtamba mwingine wa kuuza hakuwa naye. Kahawa yetu ilikuwa mistari minne, na bei ilishuka. Ikabidi arudi Mufindi kila mwaka, miezi mitano kwenye mashamba ya chai, alale kwenye makambi, apate kodi ya nyumba ya mama yangu. Alikuwa ameshapita arobaini, anafanya kazi ya vijana. Esta alibaki kulima na mama, majembe mawili kwenye tuta moja, na walipatana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mwaka hamsini na sita, mwezi wa saba, baridi ya Mufindi ilimwingia kifuani. Aliletwa nyumbani na lori la Jailos lililokuwa likitoka Iringa na mizigo. Jailos alimkuta Igowole kwa wakweze, anakohoa hawezi kusimama, akamkalisha mbele karibu na dereva, akamfunika koti lake mwenyewe. Esta alipompelekea nauli aliikataa, akasema asimtukane. Nilikwambia hakuwa mtu mbaya. Mfukoni mwa baba mdogo tulikuta shilingi ishirini na mbili zimefungwa kwenye kitambaa.

Kichomi hicho hakikumwachia. Siku kama ya tano hivi, jumbe aliitisha baraza, nikatumwa nikasikilize. Nikarudi mbio. Nikamwambia imetangazwa kwamba kodi itabadilishwa. Mtu atatozwa kwa kadiri ya mapato yake, mwenye kidogo kidogo, mwenye kingi kingi.

"Na wake?" aliuliza.

Nikamwambia jumbe amesema wake hawatahesabiwa tena.

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Esta akamwinua akampa maji. Alipopata pumzi akasema, "Jailos atalia mwaka huu." Halafu akageukia ukutani. Nilidhani amelala, kumbe machozi yanamtoka. Akasema polepole kwamba basi ilikuwa inawezekana. Miaka yote ile ilikuwa inawezekana.

Kesho yake akaomba Meza ya Bwana. Mama ndiye aliyekwenda kumwita mchungaji Anania. Mchungaji alikuja, akakaa kitandani, akamshika mkono, akaomba naye. Lakini mkate hakumpa. Alisema lazima baraza la wazee likae kwanza limfungulie, na baraza linakaa Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Baba mdogo alimwambia, "Usijali, mchungaji, nitajitahidi." Hivyo ndivyo alivyosema, kama mtu aliyeombwa angojee basi.

Alijitahidi mpaka Ijumaa mchana. Asubuhi yake aliniomba nimsomee zaburi, nikasoma, nikamwuliza kama nimesoma vizuri, akatikisa kichwa kukubali. Sauti ilikuwa imeshakwisha.

Aliyetengwa hapigiwi kengele. Tulimzika kimya, nyuma ya nyumba ya Esta, kwenye migomba. Mchungaji alikuja na shati la kawaida, bila joho, akasimama na majirani wengine. Mzee Saulo alileta ndizi, akaziweka akaondoka. Jailos alichimba kaburi mpaka mikono ikamtoka malengelenge, maana hakuzoea jembe.

Mwezi wa kumi na moja Andendekisye akaja kuandika daftari jipya. Alikuta kwenye kiwanja chetu wanawake wawili na watoto, mwanamume hakuna. Akaanza na Esta, akaandika: mjane wa marehemu Mika, amesamehewa. Kisha akamgeukia mama, akamwuliza jumbe, huyu ni mjane wa nani?

"Wa Ezekia," jumbe akasema, bila hata kufikiri. "Si unamjua. Mika alimtunza tu."

Karani akaandika: Tusekile, mjane wa marehemu Ezekia, amesamehewa. Akapiga muhuri, akatupa kila mama karatasi yake. Hapakuwa na tamko, hapakuwa na wazee, wala mjomba hakuitwa. Hapakuwa tena na shilingi inayongojea lile jibu, basi jibu likatoka la kweli. Mama aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Nilitaka kumrukia karani nimng'oe macho. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hasira za kwetu mnazijua. Esta akanishika mkono, akaniambia niende na hizo karatasi nikazisome mahali panapofaa.

Jumapili nikazipeleka kanisani. Wakati wa matangazo, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Mzee Saulo akanyoosha mkono kunikalisha. Mchungaji Anania, nadhani ndiyo mara moja tu katika maisha yake, akamwambia, "Mwache asome."

Nikasoma kwa sauti ileile ya siku ile uani. Jina, kijiji, mwaka. Esta, mjane wa marehemu Mika. Tusekile, mjane wa marehemu Ezekia. Muhuri wa serikali. Sikuongeza neno langu hata moja. Mzee Saulo alikuwa ameziba uso kwa mikono yake miwili.

Nilipomaliza nikageuka nyuma. Hata leo sijui kwa nini niligeuka, ni mazoea tu. Benchi la mwisho karibu na mlango lilikuwa tupu. Nikasimama pale na karatasi zangu, nangoja aniambie kama nimesoma vizuri.